Chuchu ya Mpira na Uzito wa Ihsan

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetenda kosa. Alasiri Ihsan alilia mpaka akawa mwekundu kama tungule. Nilikuwa nimeshamnyonyesha, nimemcheulisha, nimembeba, nimemsomea. Mwisho nikatoa chuchu ya mpira niliyoletewa na wifi yangu Nadira kutoka Magongo, nikamtia kinywani. Akanyamaza. Kimya chake kikanitisha kuliko kilio.

Muuguzi wa zahanati alisema wazi mtoto alipotimiza wiki mbili na hajarudia uzito wa kuzaliwa. Titi kwanza. Mpira usubiri mpaka azoee kunyonya. Alhamisi anapimwa tena. Kama hajaongezeka, nitajua nani kamponza.

Mavyaa, mamake mume wangu, hajui kitu. Hapendi mipira. Asema humfunza mtoto uvivu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimesoma makala saba kwenye simu. Tatu zasema mpira hauna neno mtoto akishazoea titi. Nne zasema atalisahau. Nimeziamini zile nne.

Asubuhi Ihsan aliliangalia titi kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Akanyonya dakika kumi na mbili. Jana kumi na tano. Dakika tatu zimekwenda wapi?

Mavyaa akauliza kwa nini nanyonyesha na saa mkononi, kwani mjukuu wake afanya mtihani. Nikacheka. Kisha nikaandika: kumi na mbili.

Akalia tena jioni. Nikampa tena mpira. Mimi ni mtu wa ovyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango: niujaribu mpira mwenyewe, nijue unanishinda kwa lipi. Nikauchemsha, nikajifungia chumbani, nikaunyonya kwa makini. Hauna ladha. Haukatiki. Haukuangalii usoni kwa wasiwasi.

Nilianza kumwelewa mwanangu.

Jumanne, 12 Agosti

Arubaini yangu imetimia. Nimefukizwa udi, wageni wamekula. Nadira alikuja na bintiye Rania, miezi minne, mashavu yamemwagika mpaka mabegani. Akasema kwa upole kuwa Ihsan ni mwembamba kama babake, na wembamba si ugonjwa. Halafu, mbele ya mavyaa, akauliza kama ule mpira umemfaa.

Nikasema niliutupa. Ulikuwa ndani ya sidiria yangu wakati huo.

Mavyaa akasema vyema. Nadira akanuna, akaondoka na sahani mbili za biriani.

Alhamisi, 14 Agosti

Nitaandika upesi kabla aibu haijanizidi.

Zahanati, benchi la kina mama. Ihsan alilia tangu mlangoni. Mavyaa alipokwenda kuchukua namba nikampa mpira, akatulia. Mavyaa akarudi mapema kuliko nilivyopiga hesabu. Mkoba alikuwa nao yeye. Mkono wangu mmoja una mtoto, wa pili una kadi. Nikaunyakua mpira nikautia kinywani mwangu, chini ya ninja iliyonifunika uso. Nilijiona mwerevu kwa muda wa pumzi tatu.

Akatokea Bi Jalila, jirani yetu wa Mishomoroni, mtu mzima wa heshima zake. Akasimama mbele yangu kungojea shikamoo. Nikainamisha kichwa. Akangoja. Nikainama zaidi. Mavyaa akaniambia, "Suad, bibiyo yuwakungoja."

Nikasema, "Hihahoo."

Bi Jalila akauliza kama lile ni jino au ni kiburi cha chuo kikuu. Mavyaa, kwa haya, akaapa ni jino, limevimba, hebu atazame. Akaifunua ninja.

Mpira ni wa buluu, una picha ya bata. Benchi zima likauona. Ihsan naye akauona, akaanza kuudai kwa kilio.

Tukaitwa. Muuguzi akamvua nguo, akampima. Nilifumba macho. Kilo nne na gramu mia saba. Alizaliwa na tatu na robo. Nikakaa kwenye kiti cha muuguzi. Akasema mtoto anyonya vizuri sana, ameshazoea. Mpira mara mojamoja si neno, ila titi litangulie, asitulizwe kwa mpira akiwa na njaa. Na usitoke kinywani mwangu ukaingia mwake.

Mavyaa akambeba Ihsan mwenyewe mpaka nyumbani.

Ijumaa, 15 Agosti

Mavyaa amekuja kuketi kitandani kwangu. Ameniita mwanangu. Amesema hakukasirishwa na mpira, amekasirishwa kuwa nimeogopa wiki nzima peke yangu, ukuta kwa ukuta na yeye aliyelea watoto sita. Hofu ikinijia, nimwambie. Nikalia. Nikamwahidi wallahi sitamficha kitu tena.

Na ni kweli, sitamficha. Mtoto anaongezeka, nimesikia kwa masikio yangu.

Ila mizani ya zahanati niliiona ikiyumba. Na miadi ya pili ni baada ya wiki nne. Wiki nne mtu anaweza kukonda akaisha.

Nimempigia mume wangu Awadh dukani, apitie Kongowea aninunulie mizani ya kupimia vitunguu. Akauliza tangu lini tunauza vitunguu. Nimemwambia ndio kwanza tunaanza, na mamake asijue.