Udongo Uliovuka Bila Kibali

Kila asubuhi, katika ofisi yetu ya Nyabiondo, kazi huanza kwa utaratibu. Mimi hufagia vumbi, huchemsha chai ya maziwa, kisha hutoa nje kiti cha Papa Directeur Hubert na kukiweka pale jua linapofika kwanza. Yeye huketi, hufumba macho, na huduma huwa imefunguliwa rasmi. Siku ile maziwa yalikuwa hayajachemka bado wakati Fiston, motari wa njia ya Walikale, alipoingiza pikipiki yake uani, matope yamempaka mpaka kwenye nyusi.

"Papa Directeur," alisema, "kipande ya Masisi imeshuka. Sasa iko kule Kashebere."

Papa Directeur hakufumbua macho. "Kwa kibali cha nani?"

Ndivyo ilivyoanza operesheni kubwa kuliko zote katika historia ya Huduma ya Usimamizi wa Mienendo ya Udongo na Maji, ambayo mimi, Chantal, ni katibu wake. Wasioifahamu huduma yetu nawaeleza kwa ufupi. Kwetu kila kitu kinachotembea kina ofisi yake. Mbuzi akipita, yupo wa kumwuliza anakokwenda. Gunia la makala ya kupikia, bidoni la maziwa, pikipiki, hata mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, wote hupita kwenye bariyeri, hulipa, na kupewa jeton, ile risiti ya kupita. Udongo peke yake ndio ulikuwa ukitembea bure, kila msimu wa mvua, kutoka vilima vya Masisi mpaka mabonde ya Walikale, mchana kweupe, bila kusalimia mtu. Wakubwa waliona aibu. Wakatuunda.

Tuliteremka Kashebere kwa jeep ya huduma. Papa Directeur aliketi mbele. Nyuma tuliketi mimi na Thierry, mshauri wa ufundi, ambaye ufundi wake ni kukubali. Njiani tulipita chini ya kilima ambacho Papa Directeur alikinunua miaka michache iliyopita. Zamani kilikuwa pori nene. Yeye alilifanya mbao, kilichobaki akakifanya makala, na palipobaki wazi akaleta ng'ombe. Sasa ubavu mzima wa kilima ulikuwa umechunika, mwekundu kama goti la mtoto aliyeanguka. Chuniko hilo lilianzia kwenye uzio wake na kushuka moja kwa moja, bila kona, mpaka Kashebere.

Sote tulilitazama.

"Mawingu ya leo ni mazuri," alisema Papa Directeur.

"Ni mazuri sana," alisema Thierry.

Kashebere tulikuta udongo umelala juu ya barabara kama mgeni aliyechoka. Ulikuwa umejaza bonde dogo la kando, na chini ya bonde hilo ilikuwa chemchemi ya kijiji, mahali pekee penye maji safi. Wanawake walikuwa wamefika na majembe, sketi wamezikunja. Aliyewaongoza ni Mama Anastasie, mkulima wa muhogo, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Binti yake Solange alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo, bila kuangalia kwanza ratiba ya huduma.

"Mama, munafanya nini hapa?" aliuliza Papa Directeur.

"Tunatafuta maji yetu, Papa. Iko hapa chini. Mbele ya jua kuwa kali tutakuwa tumeishamaliza."

"Simameni. Udongo huu umetoka teritwari moja na kuingia teritwari nyingine bila kibali. Uko chini ya uchunguzi. Anayeugusa anaharibu ushahidi."

Mama Anastasie aliyatazama matope. "Ushahidi njo hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Na mutoto ya Solange tutamuosha na nini?"

Papa Directeur alifikiri kwa dhati. Nilikuwa karibu naye, nathibitisha. "Na subira," alisema.

Tukaufunga udongo kwa utepe mwekundu, ule uliobaki tulipozindua choo cha ofisi. Ulitosha kuzunguka chemchemi vizuri kabisa. Kwa muda wa uchunguzi, wananchi walielekezwa kwenye kidimbwi cha chini ya barabara, ambako bata huoga na pikipiki huoshwa, yaani mahali penye huduma zote kwa pamoja.

Tume ya uchunguzi, yaani sisi watatu, ilikaa katika darasa la shule. Mshukiwa wa kwanza alikuwa mvua. Thierry alishauri iitwe kujieleza. Tuliandika hati ya kuiita baada ya chakula, na wino haujakauka mvua ikafika yenyewe, ikanyesha mpaka jioni juu ya mabati yetu kwa kelele nyingi. Hakuna aliyetoka nje kuchukua maelezo yake. Tume iliandika kwamba mshukiwa hakushirikiana.

Mshukiwa wa pili alikuwa fuko. Ilisemekana kwamba fuko akichimba sana kilima hulegea. Fuko mmoja alitafutwa, hakupatikana, na jambo hilo likachukuliwa kuwa kukiri kosa.

Kisha Papa Directeur akanigeukia. "Mademoiselle Chantal, wewe ulisoma mambo ya maendeleo ya vijijini kule Goma. Unaonaje?"

Mimi najua kazi ya mizizi kwenye mteremko. Tuliichora darasani, kwa rangi. Sentensi ilikuwa imekamilika kichwani mwangu, ina mwanzo na mwisho, na katikati yake lilikuwamo jina la mwenye kilima. Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba chai iko tayari.

Iliingizwa katika PV, yaani kumbukumbu za tume, kama mchango wa kitaalamu.

Siku zikaenda. Mtoto wa Solange akaanza kuhara. Mama Anastasie alikuja kila asubuhi, akaketi kando ya utepe, jembe juu ya magoti. Hakuvunja sheria. Alitazama utepe, akatazama jembe, akatazama utepe. Thierry alimpiga picha kwa ajili ya ripoti, chini ya kichwa "Ushiriki wa Jamii". Upande mmoja wa matope malori ya mafuta ya mawese yalisimama, upande wa pili malori ya maharagwe. Madereva walitaka kujifungulia njia kwa sepetu zao. Tukawaeleza kwamba ushahidi unaopita barabarani nao ni ushahidi.

Halafu akaja Shyaka, mchungaji wa ng'ombe wa Papa Directeur, kutoka juu kilimani. Alivua kofia.

"Papa, kule juu majani haiko tena. Inabakia majiwe tu. Ng'ombe inalamba majiwe."

Papa Directeur alikuna kidevu. Thierry naye akakuna chake kwa kumuunga mkono. Kisha Thierry akanyosha kidole kuelekea dirishani. Pale bondeni, ndani ya utepe wetu, udongo ulikuwa umetulia, mweusi, mnono, na majani laini yalikwishaanza kuchomoza. Udongo wote mzuri wa kilima ulikuwa umekuja kukaa Kashebere. Papa Directeur aliutazama kama mzazi aliyeonyeshwa mtoto wake aliyepotea sokoni.

Asubuhi iliyofuata tuliitisha mkutano wa hadhara. Nilipewa kusoma uamuzi wa tume. Kifungu cha kwanza: udongo ni mali ya mwenye mahali ulikotoka, popote uendako. Kifungu cha pili: hakuna mtu mwingine, wala jembe la mtu mwingine, linaloruhusiwa kuugusa. Kifungu hicho cha pili Papa Directeur alikitunga mwenyewe, kwa sababu aliwaona akina mama wakiutazama ule weusi kwa macho ya kupanda maharagwe.

Thierry alimwuliza sikioni kama mwenye udongo atalipishwa kwa kuvuka bila kibali. Papa Directeur alitoa msamaha papo hapo. Kisha akasimama juu ya benchi.

"Ndugu wananchi, uchunguzi umekwisha. Udongo huu ni wangu. Umetoka kwangu."

Jambo hilo kila mtu alikuwa akilijua tangu siku ya kwanza, lakini kusikia likisemwa kwa sauti, tena na mwenyewe, tena kwa furaha, kulihitaji muda kidogo.

Mama Anastasie aliinua mkono. "Samahani, Papa. Ni yako yote?"

"Yote, Mama."

"Hata ile ya mu barabara?"

"Hata hiyo."

"Na ile iko juu ya maji yetu?"

"Mama, kila chembe."

"Aksanti, Papa," alisema, akaketi. "Tulitaka kusikia tu."

Papa Directeur alikuwa bado juu ya benchi tuliposikia honi upande wa Walikale. Ililia mara moja, kisha mfululizo, kama mtu anayeegemea usukani. Baadaye akatokea mtu akitembea kwa miguu, suruali ya suti imelowa matope mpaka magotini, viatu ameshika mkononi. Alikuwa Inspecteur Akilimali, mkubwa wa wakubwa wetu, akirudi kutoka ziara ya Ntoto. Gari lake lilikuwa limezama mpaka kwenye milango.

"Vijana," aliwaambia motari na madereva, "chukueni sepetu, mufungue njia."

Hakuna aliyeinuka. Fiston ndiye aliyejibu, kwa heshima kubwa.

"Tungependa, Papa. Lakini hii budongo iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Watu hawakunyosha vidole. Kwetu si adabu kumnyoshea mkubwa kidole. Waligeuza nyuso tu, wote, upande wa benchi.

"Excellence," alisema Papa Directeur akishuka, "kwa sababu ya dharura, wananchi wanaweza kusaidia."

"Hapana, Papa, tunaogopa," alisema mama mmoja. "Inakatazwa."

"Wapi inakatazwa?" aliuliza Inspecteur.

Niliombwa kusoma tena kifungu cha pili. Nilikisoma. Nadhani nilikisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu mbwa mmoja aliamka.

Papa Directeur alijifuta jasho. "Kwa kweli, Excellence, tukiangalia vizuri, udongo huu si wangu kabisa kabisa. Tuseme ulipitia kwangu."

"Si wako?" Inspecteur alitazama utepe, malori, na suruali yake. "Basi umeifunga barabara ya taifa kwa ajili ya kitu kisicho chako?"

Tulisubiri. Hata honi za malori zilisubiri.

"Ni wangu," alisema Papa Directeur.

"Basi uutoe. Lakini kwanza naomba maji ya kunywa na ya kunawa miguu."

Wakamweleza kwamba maji yapo, ila yako chini ya mali ya Papa Directeur. Inspecteur akamwamuru aanzie hapo. Likazuka suala la kisheria. Papa Directeur hakuwa na jembe, na jembe la mtu mwingine lilikuwa limekatazwa. Mama Anastasie alitoa lake hata hivyo, kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni sahani. Thierry akamkumbusha kwamba hilo ni kosa. Lilikuwa jambo la kwanza ambalo Thierry alipinga tangu aajiriwe.

Papa Directeur akaanza kwa mikono.

Alivua koti, akapiga magoti ndani ya utepe, akachota matope na kuyatupa kando. Yakarudi. Akachota tena. Shati lake jeupe likawa na rangi ya kilima chake. Madereva waliketi juu ya kabini za malori, kwa kuwa kutoka pale mtu huona vizuri zaidi. Hakuna aliyecheka. Kashebere watu wana adabu. Ila Fiston aliuliza, kwa upole, kama Papa atapanda nao huo udongo mpaka juu kilimani leo, au ataacha mwingine kwa kesho.

"Hauwezi kurudi juu," alisema Papa Directeur, akihema. "Nani anaweza kurudisha kilima? Ukishashuka, umeshashuka."

Niliandika hayo katika PV. Yalikuwa maneno ya kwanza ya kitaalamu kutoka kwa huduma yetu.

Solange alikuja, mtoto mgongoni, akasimama karibu na mama yake. Mtoto alikuwa mwepesi hivi kwamba kitenge kilikuwa kinalegea, na kila mara Solange alikikaza tena. Hapo wanawake waliacha kunong'onezana. Walitazama mikono ya Papa Directeur tu, kila ilipoingia na kila ilipotoka.

Mwishowe maji yakajitokeza. Yalianza mekundu, yakawa kama chai, kisha polepole yakaanza kuonyesha mawe ya chini. Inspecteur alitaka kusogea na miguu yake. Akamwona Solange, akarudi nyuma.

Papa Directeur aliketi pale pale matopeni. Kucha zilikuwa zimevunjika, na sauti yake haikuwa ile ya juu ya benchi.

"Mama Anastasie. Miaka yote nilipokuwa nakata ile miti, hakuna hata mmoja wenu aliyefika kwangu kuniambia kitu. Kwa nini mulinyamaza?"

"Tulifika, Papa," alisema. "Ile siku tulikuletea ndizi na kuku kule ku ofisi. Ulitupatia viti. Ukatuuliza habari ya nyumba, ukasema tuko bantu bazuri. Tukaangaliana, tukaogopa. Tukasema tumekuja kusalimia tu."

Aliinama, akaweka bidoni chini ya maji, akalishika mpaka likatulia.

"Hatukukuja kusalimia, Papa. Tulikuja kukuambia usikate ile pori, sababu njo inatushikia maji."