Yahusu Neno "Huoza" Kwenye Pakiti za Ngisi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Kiwanda cha Kugandisha Mazao ya Bahari.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kiyoyozi cha ofisi yako kinafanya kazi. Mimi ni mlaji wa ngisi wenu kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na pia ni kaka, wa tumbo moja, wa Msimamizi wa Chumba cha Kufungashia, yule ambaye wafanyakazi wenu humwita Mama Barafu. Ijumaa mlimkabidhi barua ya kumtaka ajieleze, ndani ya siku saba, kwa nini asiachishwe kazi. Kosa lake ni maneno matatu yaliyotoka mezani kwake kwenda kwa mpiga chapa, na ambayo sasa yamo kwenye pakiti elfu arobaini kwa herufi kubwa za kijani: HUOZA KWA URAHISI.

Nimesoma vitabu vingi maishani mwangu, na magazeti mengi zaidi, lakini sijapata kuona maneno matatu yaliyoonewa kiasi hiki. Naomba niyaweke malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Mnasema wateja wamekimbia. Ni kweli. Nilisimama mwenyewe mbele ya friza ya duka nikamwona mama mmoja akiinua pakiti, akaisoma, akamwita mumewe aliyekuwa kwenye rafu ya sabuni: "Baba Watoto, hebu njoo uone, hawa wa leo wameandika kabisa!" Mume akaja, akavaa miwani, akasema, "Angalau ni wakweli. Rudisha." Pakiti ikarudishwa. Sasa nauliza, mwenye kosa hapo ni nani? Sentensi haikumtaja ngisi. Kiambishi hu- hakimtaji yeyote. Hukaa kimya, na msomaji mwenye adabu hukaa kimya nacho mpaka aelewe. Kinachooza ni mfuko. Aliyedhani ni ngisi amejidhania mwenyewe, bila msaada wowote wa kiwanda.

2. Barua yenu haisemi lolote kuhusu mfuko wenyewe. Kabla ya mdogo wangu, ngisi wenu alilala kwenye trei ya plastiki, juu ya kijitandiko cha plastiki cha kunyonya maji, akafunikwa nailoni, akatiwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye katoni iliyozungushiwa plastiki. Kumfikia kulihitaji mkasi, kisu na, siku moja, jirani. Mdogo wangu aliviondoa vyote. Siku hizi ngisi aliyeganda huchovywa kwenye maji baridi ili avae ganda jembamba la barafu linalomkinga na hewa, kisha hutiwa kwenye mfuko mmoja wa wanga wa muhogo na boksi la karatasi. Basi. Alilijaribu jambo hilo miezi minane. Aliangusha maboksi kutoka mezani, kutoka ngazini na, kwa ruhusa yenu ya maandishi, kutoka juu ya paa la ghala. Kila wiki alikagua kama nyama imetoka mabaka meupe ya kukaushwa na baridi, na kama kuna mfuko uliopasuka ukaingiza uchafu. Aliingia kwenye chumba cha nyuzi kumi na nane chini ya sifuri mara nyingi kiasi kwamba akirudi nyumbani hushika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na haongei mpaka kiishe. Huyo ndiye mnayemtaka ajieleze.

3. Mnapendekeza kurudia plastiki "mpaka hali itulie". Ndugu Mkurugenzi, plastiki haina tabia ya kungoja hali itulie halafu ikaaga. Trei ya ngisi niliyemla mwaka niliohamia nyumba hii ningali nayo. Nimepanda pilipili ndani yake. Pilipili imekufa mara nne. Trei haijapata hata mkwaruzo.

4. Kwa hiyo nadai sentensi ibaki, isiguswe hata nukta, na ukweli wake uenezwe. Vifungashio vya zamani mlivyobakiza ghalani viandikwe HAVIOZI KAMWE, kwa herufi za ukubwa uleule. Trei iandikwe ITAMZIKA MWENYE NYUMBA.

5. Ukweli huo uingie na ofisini. Wajumbe wa bodi waliokaa zaidi ya vipindi vitatu wavae beji ya HAWAOZI KAMWE. Wanaofanya kazi chumba cha baridi wavae HUCHAKAA KWA URAHISI. Mlango wako mwenyewe, kwa heshima zote, ubandikwe maelezo ya namna ya kuufungua, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi.

6. Kila mteja aliyerudisha pakiti afanyiwe mtihani wa sarufi kabla ya kusogelea friza tena. Atakayefeli auziwe samaki mkavu asiye na maandishi.

7. Na kama ni lazima mtu aachishwe kazi, basi aachishwe msomaji.

Nisalimie katibu muhtasi wako, walinzi wa geti, madereva wa magari ya baridi, mpiga chapa ambaye hana hatia, na akina mama wote wa meza ya kusafishia ngisi.

Ni mimi, kwa heshima nyingi na hasira ya kutosha,

Kaka wa Msimamizi

Tanbihi: Nilimsomea mdogo wangu barua hii kabla ya kuifunga. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, sentensi umeitetea kurasa mbili. Mimi umenitetea kwenye namba mbili tu." Nikamwambia namba mbili ndiyo ndefu kuliko zote. Akakishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili. Basi inanibidi niongeze kwamba sentensi ile si yake. Aliyoniletea niisahihishe, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, ilikuwa hii: "Mfuko huu unaoza ukishautupa. Ngisi wa ndani haozi akikaa kwenye friza." Ni mimi niliyeikata, nikageuza "unaoza" kuwa "huoza" kwa sababu ni Kiswahili kinono zaidi. Yeye hajawaambia, na ameapa kwamba hatawaambia. Naomba mrudishe sentensi yake, na yeye abaki. Nakala yenye wino wangu mwekundu nimeiambatanisha. Maneno yaliyoandikwa pembeni, "Punguza maelezo, mteja si mtoto", ni ya kwangu pia.