Kusaga Vali Nyumbani kwa Mama

Jamani wenzangu wa karakana, leo nimeadhirika. Nawaandikieni mikono ikiwa bado myeusi, na sabuni ya Mama imekwisha.

Mnakumbuka nilipoaga huko kwenye mkonge, nikasema narudi Same kuendesha mashine ya kusaga ya Mzee Kajiru? Na sababu yenyewe mnaikumbuka. (Msijifanye. Mlimwimba Nakunda mpaka nyapara akawafokea.) Nakunda ni binti wa huyo huyo Mzee Kajiru, na leo jioni ndiyo mjomba wangu alikuwa apeleke posa.

Sasa, juma lililopita injini ikaanza kukohoa. Moshi mweupe, nguvu hakuna, mahindi yanatoka yamepasuka tu kama ya kulishia kuku. Mwisho ikakataa kuwaka kabisa. Mzee akataka kumwita fundi kutoka Moshi. Mimi na mdomo wangu!

"Shikamoo Mzee. Fundi wa Moshi wa nini? Ni kichwa cha injini tu hiki. Vali, vile vizibo vya hewa na moshi, hazifungi sawasawa. Nitazisaga mwenyewe."

"Marahaba. Una hakika?"

"Kabisa, Mzee."

"Haya. Siku posa yenu inapokuja, nataka kusikia mashine inasaga. Mtu anayeshindwa na chuma changu, mtoto wangu simpi."

Ndiyo mambo yalivyokuwa. Hakuna mashine, hakuna Nakunda.

Kichwa nilikifungua nikakipandisha nyumbani, kule mlimani. Kukitengenezea pale mashineni haiwezekani, kwa sababu upepo wa Same hauna adabu, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nikakiweka juu ya meza ya Mama. Masizi nikayakwangua kwa kisu chake cha mboga, nikayaosha kwa mafuta ya taa ndani ya karai lake. (Msiniulize alisema nini. Alisema kwa Kipare, na ni afadhali.)

Leo alfajiri nikaanza kazi yenyewe. Mnaijua. Unapaka ile dawa ya mchanga kwenye ukingo wa vali, unaitia tunduni mwake, unashika kijiti chenye mpira, unapekecha kwa viganja. Unainua, unatazama, unapekecha tena. Chakwa, chakwa, chakwa. Na ilikuwa inakuja vizuri, jamani! Ule mduara uling'aa pande zote. Nilitamani mngekuwepo. Baadaye nimeshukuru kwamba hamkuwepo.

Asubuhi jirani mmoja akapita uani akamwuliza Mama, "Kijana wako mbona haonekani?"

Mama, bila ubaya wowote, akajibu, "Yumo ndani, anasaga tangu alfajiri."

Nilimsikia. Ningeweza kutoka nikamfafanulia. Sikutoka, niliona fahari.

Nyie mnaelewa jambo hili lilivyo huku? Watu wana siku nyingi hawajapata unga. Aliyeweza amepanda treni na gunia lake mpaka Lembeni. Aliyeshindwa anatwanga kwenye kinu, au anakula makande asubuhi na jioni. Halafu mtu anakuja kusema kijana wa Mzee Kajiru amehamishia mashine nyumbani kwao na anasaga!

Niliponyanyuka kunyoosha mgongo nikasikia sauti nyingi nje. Nikachungulia. Uani pamejaa wanawake. Wana vikapu, wana magunia, wana ungo. Wamepanga foleni mpaka kwenye migomba, na wengine bado wanateremka. Na wa mbele kabisa, amekaa juu ya gunia lake kama aliyekata tiketi, ni Mama Nakunda. Mama mkwe wangu! (Mtarajiwa. Sasa hata hilo neno sijui kama nina haki nalo.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumesikia unasaga. Nianze mimi?"

"Mama, sisagi mahindi. Nasaga vali."

Wakatazamana.

"Vali ndiyo nafaka gani?" mmoja akauliza.

"Si nafaka. Ni chuma."

"Anasaga chuma!" Kicheko kikapanda mpaka juu kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Mama Nakunda hakucheka. Alinyanyuka, akaja mezani, akaishika vali, akaigeuzageuza.

"Umeanza alfajiri," akasema, "na bado haijalainika hata kidogo?"

Nilieleza. Nilieleza kwa mikono na kwa mdomo. Nilisema vali ikifunga vizuri injini itawaka, injini ikiwaka mahindi yatasagwa, tena leo hii. Hapo ndipo nilipojimaliza. "Leo hii?" wakasema. "Basi twende wote!"

Nikafunga springi zangu haraka haraka, watu wakinihesabia pumzi. Nikainama kubeba kichwa. Mama Nakunda akanisogeza. "Utajiumiza, nawe una kazi mbele." Akakunja ngata, akasaidiwa kutwishwa, akateremka mlima na kile chuma kichwani, shingo imenyooka, huku anaongea na wenzake habari za kwaya. Mimi, mwanamume, mposaji, nilifuata nyuma nimebeba spana. Tuliokutana nao njiani waliuliza kuna nini. Wakajibiwa, "Twende ukaone unga wa chuma!" Nao wakafuata.

Pale mashineni Mzee Kajiru alikuwa ameshafika. Amevaa lile koti lake jeupe, analovaa siku Bwana Shauri wa wilaya anapokuja barazani. Amelivaa kwa ajili ya posa yangu! Moyo ulinijaa furaha. Akaweka kiti chake mbele ya injini, upande ule inakovutia hewa, kwa sababu upande wa bomba la moshi alijua atachafuka.

Nikafunga kichwa. Nikakaza nati moja moja, kwa mshazari, kama tulivyofundishwa. Nikapima nafasi za vali. Hakuna nilichokosea, naapa. Watu wamejaa mlangoni na madirishani, na Nakunda yumo katikati yao. Mama yake akamwaga debe la mahindi kwenye kinywa cha mashine, tayari kabisa.

Nikashika hendeli. Nikainua kile kikono kinachoachia pumzi ili izunguke kwa wepesi, nikaanza kuzungusha. Sasa, tangu alfajiri sikuwa nimekula kitu. Mikono ilikuwa imekwisha kwa kupekecha. Ilitakiwa nizungushe mpaka lile gurudumu zito lishike kasi ndipo niangushe kikono. Lakini hendeli ikaanza kuniponyoka, na Nakunda ananitazama. Nikaona nisiachie hendeli mbele yake, bora niangushe sasa hivi.

Nikaangusha. Gurudumu likasita, likarudi nyuma. Du! Ikawaka.

Vigelegele! Nikainua mikono juu. Mzee akatabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Likawa tabasamu la mwisho.

Nyie mafundi mmeshajua. Injini ilikuwa inazunguka kinyumenyume. Bomba la moshi ndilo linavuta hewa, na kule inakovutia hewa ndiko inakotapika moshi. Na ilikuwa na masizi ya siku nyingi tumboni. Yote yakaenda kwenye koti la baraza.

"Zima!" Mzee akapiga kelele.

Kwenye mashine nako ile parafujo ya kuingizia mahindi ikawa inayasukuma kurudi juu. Yakaanza kuchemka kinywani na kumwagika sakafuni, mazima, yale yale. Wanawake wanakimbia na vikapu, wengine wanayakinga kwa khanga. Nami nahangaika kukata mafuta, moshi umejaa, sioni nimeshika nini. Nilivuta kitu, kikawa ni mkono wa Mzee. (Nikauvuta tena, nikidhani umekwama!)

Mwishowe nikakata mafuta na ikazima. Moshi ukatoka kidogo kidogo madirishani. Mzee Kajiru alikuwa bado amekaa, nusu ya koti nyeupe, nusu nyeusi.

Mama Nakunda akafuta uso kwa upindo wa khanga, akautazama ule weusi. "Mwanangu," akauliza kwa upole, "huu ndio unga wa vali?"

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini nilikuwa nasubiriwa. Nikazungusha tena, kwa nguvu zote safari hii. Ikawaka, mbele, safi. Ikasaga debe baada ya debe. Unga laini, mweupe, wa sifa! Kila mtu akaondoka na wake. Vali zile zilisagwa, jamani. Hilo hakuna atakayeninyang'anya.

Ndipo mjomba akatokea barabarani, kavaa vizuri, kibuyu cha dengelua, pombe yetu ya miwa, mkononi, hana habari yoyote.

"Shikamoo Mzee Kajiru. Tumekuja na neno."

Mzee alisimama, akajikung'uta. Masizi yakamwagika.

"Marahaba. Kijana wako ameifufua mashine yangu, nami nashukuru. Lakini mara ya kwanza, mbele ya watu wote hawa, iliendaje?"

Mjomba akanigeukia. Nikasema, "Kinyumenyume."

"Basi na posa iende hivyo hivyo. Irudi ilikotoka."

Mjomba hakukaa hata kidogo. Tulipanda mlima, kibuyu kinalia chubwi, chubwi. Nguvu zimeniisha, ndugu zangu. Sina hamu hata ya kula.

Nilipogeuka kuangalia nyuma, Nakunda alikuwa amesimama mlangoni pa mashine. Ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka. Mimi nimeamua kwamba alikuwa analia, na naombeni sana, asitokee mtu wa kuniambia vingine.