Mimi, Saiborgi wa Sokon One

Jumatatu, 14 Julai

Nimeamua. Nitamwoa Eunike kabla ya mwaka kwisha. Yeye bado hajui, lakini hilo ni jambo dogo.

Kwa kumbukumbu: Eunike ana duka la steshenari, mlango wa pili kutoka kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Sokon One. Anachapa, anatoa kopi, na kwenye rafu ya nyuma anaazimisha riwaya. Tunazozipenda sisi wawili ni zile za mfululizo wa Nusu Chuma, vitabu saba, habari za Kamanda Rako. Rako ni saiborgi, yaani nusu mtu nusu mashine. Mkono wa kushoto chuma, jicho la kulia kamera, moyo bado wa nyama, na ndio unaomponza. Kila kitabu anaokoa sayari na kupendwa na mwanamke yule yule, Daktari Selina.

Leo tumebishana tena. Mimi nasema cha kwanza ndicho bora, maana Rako anainua chombo cha angani kwa mkono mmoja. Yeye anasema cha tatu, maana humo Rako anajifunza kuomba radhi. Nikamwambia mtu mwenye mkono wa chuma haombi radhi, anaombwa. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa karatasi ya kopi. Chai yetu ikapoa.

Naona hatari. Mwanamke hamcheki mtu anayempenda. Selina hajawahi kumcheka Rako, nimehakiki vitabu vyote saba. Halafu akaingia Simel, fundi wa madirisha ya alumini, kupima dirisha la duka. Eunike akanyamaza kabisa, kwa heshima! Simel mwenyewe hasomi hata bango. Lakini kutwa nzima mikono yake iko kwenye vyuma, tena vinavyong'aa. Hii si haki.

Jumanne, 15 Julai

Ushindi!

Kuna nakala ya kitabu cha tatu ambayo Eunike haazimishi mtu. Inakaa chini ya kaunta. Leo alipotoka kupokea mzigo wa karatasi nikaifungua. Pembeni imejaa maandishi ya penseli. Mambo anayoyapenda kwa mwanamume, ukurasa kwa ukurasa! Nimeiazima bila kumsumbua.

Ukurasa wa 41, Rako amekaa mezani kimya: "Hapayuki. Safi sana." Ukurasa wa 88: "Anafika alfajiri, anatengeneza kinachovuja, anaondoka bila kungoja asante." Ukurasa wa 112, Rako amesimama kwenye sayari ya barafu, kifua wazi. Hapo pameandikwa "Mungu wangu", na chini yake mistari mitatu.

Kumbe kosa langu ni mdomo. Miaka miwili nimekuwa nikibwabwaja kama redio ya kinyozi. Kuanzia kesho mimi ni chuma.

Jumatano, 16 Julai

Nimefika dukani kwake alfajiri, yeye hajafungua. Tatizo: hakuna kinachovuja. Nikazunguka uani, nikalilegeza bomba kidogo ili livuje, ili nilitengeneze.

Likang'oka lote. Maji yakapita chini ya mlango wa nyuma na kwenda moja kwa moja kwenye karatasi mpya. Nilikuwa nimeliziba kwa viganja vyote viwili, kwa utulivu mkubwa, Simel alipopita na toroli lake. Akauliza koki kuu iko wapi. Akaifunga kwa vidole viwili. Mwonekano wa hovyo, hakuna ushujaa wowote.

Eunike alipofika akakuta rimu nne zimelowa. Niliondoka bila kungoja asante. Sehemu hiyo nilifuata kitabu barabara.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya kifua. Mlima Meru umejifunika mawingu tangu Jumapili, watu wamevaa makoti mpaka masikioni. Mimi nimefungua vifungo vitatu na kusimama mlangoni kwake kuanzia saa mbili hadi saa tano.

Eunike akaniuliza kama nimeibiwa koti. Nikamjibu, "Si sahihi." Akauliza kama nimemaliza kitabu cha nne, maana ana neno la kunibishia. Nikamjibu, "Taarifa imepokelewa." Halafu akarudi kwenye mashine yake ya kopi, akawa anatoa kopi ambazo hakuna mteja aliyezihitaji. Amevurugika. Mambo yanakwenda vizuri.

Dada Twahira, anayetuuzia chai na chapati, ameniletea chai ya tangawizi na kuniambia nifunge shati nikaongee na yule binti kama mtu. Dada Twahira ameolewa miaka ishirini na mumewe bado anambebea ndoo. Mapenzi atayajulia wapi?

Ijumaa, 18 Julai

Sauti imeanza kukwaruza. Inapendeza, imekaa kimashine.

Habari mbaya kidogo: Eunike anakitafuta kitabu. Ameinua makaratasi yote. Akaja kwangu kuuliza. Kudanganya siwezi, Rako hadanganyi. Nikatazama ukuta. Akasimama, akangoja, mwishowe akasema basi, na akaondoka ameinamisha kichwa. Nikajisikia vibaya kweli. Nilitaka kumwita. Lakini ukurasa wa 41 uko wazi.

Uamuzi: kesho nakwenda nyumbani Kikatiti, nahifadhi kichwani maandishi yaliyobaki, Jumatatu narudisha kitabu kimyakimya.

Jumamosi, 19 Julai

Niko kwa mama. Amenipokea kwa loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, na kwa maswali. Mama hupekua begi langu kila nikifika, husema anatafuta nguo za kufua. Akikiona kitabu chenye mwanamume kifua wazi kwenye jalada, nitaombewa wiki nzima.

Nimekificha mahali salama. Nimechukua kapu, kitabu chini, mkungu mdogo wa ndizi juu, mayai kumi na mawili juu ya ndizi. Nimeliweka karibu na mlango, mahali pa wazi, maana kitu kilicho wazi hakishukiwi. Hiyo ni mbinu ya Rako, kitabu cha sita.

Jumapili, 20 Julai

Nimeamka sauti haipo kabisa. Na kapu halipo!

Mama alikuwa ametangulia kanisani. Ameona kapu limepangwa vizuri mlangoni siku ya Jumapili, akajua mwanawe hatimaye ameandaa sadaka mwenyewe. Nilipofika nikiwa nahema alikuwa ameshawaambia akina mama wote wa kwaya. Wakanipungia mkono. Kapu lilikuwa mbele ya madhabahu, kati ya maboga na jogoo.

Kwetu mazao ya sadaka hunadiwa nje baada ya ibada. Sikuona tatizo: nitalinunua. Mzee Dismasi, mzee wa kanisa, ndiye mnadi. Nikanyoosha mkono, nikapandisha, nikapandisha tena, nikashinda.

Nilichosahau ni desturi. Anayeshinda akisema "nachukua", anachukua. Akinyamaza, amelipa na kurudisha, na kitu kinanadiwa upya kwa faida ya kanisa. Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa tupu. Mzee Dismasi akasubiri, akatikisa kichwa kwa furaha, akatangaza kwamba mimi, Sifaeli, nimerudisha. Watu wakapiga makofi.

Nikashinda mara ya pili. Hewa tupu. Vigelegele! Mama akafuta machozi. Nikajaribu kulifuata kapu mwenyewe, wazee wawili wakanikamata mkono kunipongeza. Mara ya tatu mfukoni hamkubaki kitu, na kapu likaenda kwa Mwalimu Hedwiga. Ni mwalimu mstaafu, mjane. Ni mama mzazi wa Eunike.

Mwalimu hakunyamaza. Akasema "nachukua" kwa sauti ya darasani. Akatoa mayai, akainua ndizi, akakitazama kitabu. Nikajisogeza, nikamwamkia shikamoo kwa kunong'ona.

"Marahaba. Hiki kitabu ni changu," akasema. "Nilimwazimisha Eunike mwaka juzi. Na haya maandishi ni ya mkono wangu."

Ardhi ingepasuka ningeshukuru. Maandishi yote! Bomba, kimya, kifua! Mwalimu akafunua ukurasa wa 112, akaufunga haraka. Akasema aliyaandika mwaka aliofiwa, kila alipokuta jambo linalomkumbusha marehemu mumewe, mtu aliyekuwa anaziba mabomba ya jirani bila kuombwa. Alisema hivyo taratibu, na kwa dakika moja hata mimi nilisahau mpango wangu.

Kisha akauliza kitabu kimefikaje chini ya mayai. Nikanong'ona yote, maana macho ya mwalimu hayakwepeki. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Eunike akipiga simu, ananisimulia fundi mmoja anayebishana naye mpaka chai inapoa," akasema. "Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi nenda ukabishane naye, mwanangu."

Ushauri wa kawaida tu. Nimeuandika kwa heshima ya umri wake.

Jumatatu, 21 Julai

Eunike alishapigiwa simu na mama yake. Nilitarajia anigombeze kwa kitabu na kwa rimu nne. Hakugusia. Alinivutia kiti, akaniwekea chai, akaniambia ninywe kwanza.

Halafu akasema: "Siku zote hizi nimedhani umenichoka, Sifaeli. Nilikuwa nafungua duka mapema ili tubishane."

Nikanyoosha kidole kwenye koo kuonyesha sauti haipo. Akasema anajua, mama amemwambia. Akaniambia jingine. Simel ameomba kuleta barua ya uchumba. Washenga wake watafika Kikatiti Jumamosi saa nne asubuhi, na yeye anatakiwa awepo na jibu. Simel ni mtu mwema, alisema, hana neno baya la kumsema.

"Lakini nataka kusikia kitu kutoka kwako kabla ya Jumamosi. Sauti ikirudi, njoo. Nitakuwa hapa."

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula mchana.

Jumatano, 23 Julai

Sauti imerudi! Yote! Nimemwimbia Dada Twahira ubeti mzima wa tenzi, akaniambia niache kelele nikamwone Eunike sasa hivi, duka liko wazi.

Nilifika hadi mlangoni. Nikaona kichwa chake kimeinama juu ya daftari. Nikawa tayari kabisa kusema. Ndipo akili ikanijia.

Nilikuwa nimekosea kitabu tu! Cha tatu kilikuwa cha mama. Eunike mwenyewe amesoma vyote saba. Na katika cha tano Selina anamwambia Rako maneno hayo hayo: njoo, nitakuwa hapa. Rako anafanya nini? Anatoweka siku saba kando ya ziwa. Anarudi, Selina anamkimbilia mikononi. Anayekwenda siku hiyo hiyo anaonekana ana njaa.

Nimerudi nyuma polepole, hakuniona. Kesho nakwenda Momela, ziwani, kwa binamu yangu. Simu nitaizima.

Jumamosi, 26 Julai

Momela. Saa sita mchana. Ziwa limetulia, flamingo wamesimama kwa mguu mmoja, nami nimesimama kifua wazi, safari hii kwa jua. Sijawahi kujisikia imara namna hii. Rachel, mke wa binamu, ameniuliza mara mbili nimefuata nini huku. Nimemwambia naoa.

Nimewasha simu kidogo tu, kuangalia maendeleo. Alhamisi Eunike amepiga mara mbili. Ijumaa mara tano, na ujumbe mmoja unaosema, "Hata ukinong'ona nitasikia." Leo alfajiri mara tatu. Saa moja mara moja. Saa tatu mara nne, mfululizo.

Tangu saa nne hajapiga tena. Mbinu imeanza kufanya kazi.