Mama Mkwe Amenikuta kwenye Banda la Mbwa

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mwezi wa Ramadhani, mbele ya mama mkwe. Nawahadithia mwenyewe kabla hamjaipata kwa jirani, maana yeye ataitia chumvi.

Wanaonijua wanajua nina kisukari, mwaka wa sita huu, cha kujidunga sindano asubuhi na jioni. Daktari kanikataza kufunga na dini yenyewe imenisamehe. Tatizo ni mimi. Mama mkwe wangu, Bi Mize, alikuja kutoka Tumbatu kufunga na sisi hapa Fumba, na siku ya kwanza tu akaniuliza kama nimefunga. Nikamtazama. Bibi wa miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na kafunga. Mimi kidume cha miaka arobaini na mbili, kifua mbele. Nikajibu, "Nimefunga, mama." (Ulimi huu, sijui nani aliniazima.) Hakujua kama naumwa. Mke wangu Zuwena nilimkataza asimwambie, kwa sababu naona haya mama wa watu aje ajue kamwoza bintiye kwa mgonjwa.

Sasa chakula cha mchana nitakila wapi? Nyumba yetu ina vyumba viwili na Bi Mize yuko kote. Nikapata akili. Mahali pamoja tu hatii mguu: kwenye banda la mbwa.

Mbwa wangu anaitwa Meja. Nilimchukua alinde kuku (kuku wenyewe wanamdonoa), lakini kazi yake hasa ni mimi. Jioni nyayo zikiniwaka moto huja akanilalia miguuni, na uzito wake tu hunituliza. Sukari ikishuka anajua kabla yangu. Hunizunguka na kubweka mpaka nile kitu. Nampenda, basi. Nina kikoi maalumu cha kukaa naye na ndoo ya udongo mlangoni; akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Bi Mize hakutaka kusikia. Alisema nyumba yenye mbwa malaika hawaingii, na juzi ikaamuliwa: Jumamosi Meja anapelekwa Kizimbani kulinda shamba la binamu yake Zuwena. Nikasema sawa, mama. Kisha nikaenda bandani kulia.

Leo basi. Kazi yangu ni kupaka rangi nyumba mpya huku Fumba, na leo kazi ilinichelewesha. Nafika nyumbani saa nane kasoro, mikono inatetemeka, jasho la baridi linanitoka, macho yanaona Meja wawili. Nikafunga kikoi, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa bandani kutafuta kopo langu la tende na maandazi ninalolificha humo. Meja kalisukuma hadi mwisho kabisa. Nikaingiza bega la kwanza. Nikaingiza la pili. Nikalipata! Nikala tende tano palepale gizani, na uhai ukaanza kurudi.

Nikataka kutoka. Sitoki. (Banda nimelijenga mwenyewe. Mlango niliubana ili mbao zitoshe.) Kichwa na mabega viko ndani, mengine yote yanaota jua.

Kumbe Meja alikuwa kashaniona natetemeka. Akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu mgeni aje: akaenda mlango wa jikoni, kwa Bi Mize, akabweka. Bi Mize akatoka na mchi wa kinu kumfukuza. Meja anakimbia hatua mbili, anageuka, anabweka, hatua mbili tena, mpaka wakafika bandani. Mimi kimya. Nilijiambia nikitulia atadhani ni gunia la makumbi ya nazi.

"Makame!"

"Naam."

Limetoka lenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, ukiitwa na mkubwa unaitika, hata ukiwa kwenye banda la mbwa.

"Wafanya nini humo?"

"Nnamtazama mbwa, mama."

Akasema taratibu, "Mbwa yuko hapa nje na mimi."

Nikajitia andazi zima mdomoni. Akaniuliza natafuna nini, na jibu likashindwa kupita, maana mdomo umejaa.

Zuwena akaja mbio, akanivuta miguu kwa nguvu zake zote. Kilichotoka ni kikoi. (Bukta nilikuwa nayo, alhamdulillahi, ila ina tundu.) Bi Mize akageukia ukutani kwa heshima ya mkwe, na mahojiano yakaendelea huku akiutazama ukuta. Zuwena akanitupia kanga yake, kisha siri ikamshinda, akasema yote: ugonjwa, sindano, uongo wangu wa kila siku, na kwamba Meja ndiye anayejua sukari ikishuka.

"Leo kaja kukuita weye, mama," akamalizia.

Bi Mize akageuka. Akachomeka mchi chini ya bati la banda, akalibandua kwa mara moja, na mbao ya juu ya mlango ikafuatana nalo. (Magoti mabovu, mikono mizima.) Jua likaingia. Nikainua kichwa, kopo mkononi, makombo ndevuni. Meja kwa furaha ya kuniona akanilamba uso mzima, kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji.

Bi Mize akauegemeza mchi ukutani. Nilidhani anakwenda kufunga virago.

"Maradhi hukuyataka, mwanangu," akasema. "Uongo je, nani kakulazimisha? Kesho chakula cha mchana utakila jikoni, kwenye kiti, ntakupikia mie. Banda mwachie mwenyewe."

Nikauliza kwa sauti ya chini, "Na Jumamosi, mama?"

"Jumamosi utampigilia bati lake."

Nililia kidogo. (Mkiulizwa, semeni udongo uliniingia machoni.) Meja yuko miguuni kwangu sasa hivi, anakoroma, hana habari kwamba kazi yake imethibitishwa.

Msinicheke, nawaomba. Uso nimeuosha mara saba, moja kwa udongo, na bado nikimsikia mama mkwe anakohoa huko jikoni, natamani kurudi bandani.