Kitufe cha Kulipia Mapazia

Mjini kuna watu wanaoishi kwa mikono, wapo wanaoishi kwa kichwa, na palikuwa na jamaa mmoja aliyeishi kwa masikio. Watu walimwita Uhakika, kwa sababu alianza kila sentensi kwa "uhakika ni huu," na wenye kumwamini waligundua baadaye kwamba uhakika wenyewe alikuwa ameondoka nao.

Asubuhi moja mvua ilimsukuma kwenye ngazi za jengo la maduka. Akiwa anapangusa viatu vyake kwa leso, akasikia sauti ya mwanamke kutoka ghorofa ya pili akizungumza kwenye simu.

"Hapana mama, kwenye tovuti unaangalia tu. Ukipenda unakuja dukani kulipa. Ndiyo, najua ni mbali... Haya, asante, siku njema."

Ilikuwa sauti ya mtu anayemtazama mteja akipotea. Uhakika akairudisha leso mfukoni, akapanda.

Kilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yamesimama kona kama wageni waliokosa viti. Mshona mapazia, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alikuwa bado ameshika simu. Kando yake, juu ya kigoda, mama mkwe wake alikuwa anashonea kulabu kwenye pindo la pazia bila kutazama mikono yake.

"Dada yangu, samahani," alisema Uhakika. "Nimesikia bila kusikiliza. Uhakika ni huu: tovuti yako ni duka lenye kioo kikubwa lakini halina mlango. Watu wanapita, wanachungulia, wanasifu, wanaondoka."

"Na wewe ndiye mlango?" aliuliza mama mkwe.

"Mimi ni fundi wa mlango, mama. Naweka kitufe kimoja tu. Mteja anachagua pazia, anaandika vipimo vya dirisha, anabonyeza, analipa kwa kadi au kwa simu. Yuko nyumbani kwake na kikombe cha chai. Fedha inaingia, inalala siku thelathini kwenye uhakiki, kisha inakuja kwako."

"Inalala?" alisema mama mkwe. "Imetoka wapi hata ichoke?"

"Ni utaratibu wa usalama, mama."

Mshona mapazia akauliza swali la maana. "Na wewe utataka kiasi gani?"

"Kuweka ni bure. Nachukua kidogo sana kwenye kila oda, tena baadaye, wewe ukishapata."

Neno bure lina utamu wake. Tovuti ile mshona mapazia alitengenezewa na shemeji yake mwaka uliopita, na mpaka siku hiyo ilikuwa imemletea pongezi nyingi na wateja wawili. Akampa Uhakika kiti, akampa na neno la siri la tovuti. Mama mkwe akaacha kushona, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka kola.

Kufika jioni kitufe kilikuwa kimewekwa, cha kijani, kizuri. Ili kianze kazi, kampuni ya malipo ilitaka jina la muuzaji, kitambulisho chake, picha ya uso na akaunti ya benki. Uhakika alijaza vyote kwa uaminifu mkubwa, ila alijaza vya kwake. Zamani aliwahi kutumia vitambulisho vya watu wengine, akajifunza kwa uchungu kwamba fedha humfuata mwenye kitambulisho. Yakafuata masharti, kurasa ishirini na nane. Aliyasoma kama tunavyoyasoma sote: alishuka mpaka chini kabisa, akaweka alama ya vema.

Mpango wake ulikuwa mwepesi: fedha zingeingia kwake papo hapo, na zile siku thelathini zilikuwa za kumlaza mshonaji tu. Siku ya ishirini na tisa angekuwa mji mwingine, amekaa penye kivuli.

Na kitufe kilifanya kazi, tena vizuri kuliko yeye alivyotarajia. Wiki ya kwanza zilikuja oda tatu. Ya pili nne. Mwalimu mkuu mstaafu mmoja aliagiza mapazia ya madirisha manane kwa mpigo. Mshona mapazia akafurahi mpaka akaanza kuimba akikata. Alichukua akiba yake ya miaka miwili, yote, akanunua majora mapya.

Wiki ya tatu oda zilikuwa zimefika kumi na moja, na mama mkwe akasema, "Mwanangu, hizo fedha zinalala usingizi wa aina gani? Hata kugeuka ubavu hazigeuki?"

Maneno yale yalimkaa kichwani mshona mapazia. Mtu wa mkasi hakati kitambaa cha bei kabla ya kujaribu kwenye kipande chakavu, na akajiuliza kwa nini hakufanya hivyo na kitufe. Basi akafungua tovuti yake mwenyewe, akachagua foronya moja ya mto, kitu cha bei ndogo kabisa, akalipa.

Risiti ikaingia kwenye simu papo hapo. *Umemlipa*, ikasema, na chini yake yakafuata majina matatu kamili ya mwanamume.

Alikaa. Mkono wake ulikuwa juu ya jora jipya, na kitambaa kile laini kikawa baridi kama bati. Akafikiria akiba yake. Akafikiria wateja kumi na mmoja wanaongoja mapazia yaliyokatwa lakini hayajashonwa, na jina lake lililoandikwa juu ya mlango.

"Tumwite polisi," alisema mama mkwe.

"Wakimkamata leo, mimi nabaki na vitambaa na aibu. Ngoja kwanza niulize."

Akaipigia simu kampuni ya malipo. Dada wa huduma kwa wateja akatafuta, akarudi.

"Kwa kumbukumbu zetu, mama, muuzaji wa mapazia hayo ni huyo bwana. Ndiye anayewajibika kuyafikisha."

"Yeye? Mapazia?"

"Ndiyo. Mteja asipopata mzigo wake, anabonyeza palipoandikwa Sijapokea. Sisi tunaifunga akaunti ya muuzaji na yote yaliyomo, mpaka afikishe mzigo na mteja athibitishe. Akishindwa ndani ya siku kumi, tunawarudishia wateja fedha zao na faili linakwenda polisi."

"Dada, rudia tena, tafadhali."

Dada akarudia. Mshona mapazia alikuwa amemsikia vizuri tangu mara ya kwanza, ila kuna maneno ambayo masikio huyataka mara mbili.

Alasiri ile aliwapigia wateja wake mmoja mmoja, akawaeleza ukweli bila kuficha ujinga wake. Kufika saa kumi na moja, wote kumi na mmoja walikuwa wamebonyeza.

Uhakika alikuwa mbele ya kioo cha duka la nguo, ndani ya suti ya rangi ya maziwa, pale kadi yake ilipokataliwa. Akacheka, akajaribu tena. Ikakataliwa tena. Kisha ujumbe ukaingia, akausoma mara tatu, na kila mara ulikuwa mbaya zaidi. Ndani ya akaunti ile hazikuwamo fedha za mapazia peke yake. Zilikuwamo akiba zake zote alizozihamishia humo, jasho la miaka sita, ingawa ni jasho la watu wengine. Kukimbia alikufikiria kwa haraka sana, lakini kampuni ilikuwa na majina yake matatu na picha ya uso wake akitabasamu.

Kesho yake asubuhi alipanda ngazi za ghorofa ya pili, polepole.

"Dada yangu, pametokea kasoro ndogo ya mitambo..."

"Karibu mteja," alisema mshona mapazia.

"Mteja?"

"Si una oda kumi na moja za mapazia na siku tisa zimebaki? Biashara ni yako, imeandikwa. Mimi ni fundi tu. Umekuja kununua, au unapita?"

Uhakika alikaa kwenye kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha kukikalia. "Bei ile ile ya tovuti, basi?"

"Ile ni ya wasio na haraka. Wewe una haraka, kwa hiyo ni mara moja na nusu ya bei hiyo. Taslimu, yote mbele."

"Dada yangu! Fedha zangu zimefungwa!"

"Hazijafungwa," alisema mama mkwe akivuta uzi. "Zimelala. Uhakiki."

Siku ile Uhakika aliuza pikipiki, kompyuta mpakato na saa ya mkononi. Aliporudi na fedha, mshona mapazia alizihesabu, akazifungia kwenye droo, ndipo akawasha cherehani.

"Na kuyatundika je?" aliuliza Uhakika.

"Kutundika ni kazi ya muuzaji. Ngazi ninayo. Nakukodisha."

Mtu aliyeishi kwa masikio akaanza kuishi kwa mabega. Alibeba mapazia mtaa kwa mtaa, akajifunza kupima bomba la pazia, kupanga kulabu, kugawa mikunjo. Nyumba ya kwanza aliyatundika ndani nje, na mwenye nyumba akamwacha amalize yote ndipo akamwambia. Ya tano alianguka juu ya sofa. Kufika ya nane, akajishangaa amerudi nyuma hatua mbili, ameinamisha kichwa, anaangalia kama pindo limegusa sakafu sawasawa. Na kila mlango alipopokelewa kwa ukali, aliomba radhi kwa maneno machache, kwa vile alikuwa amechoka mno kuunda marefu.

Siku ya kumi ilibaki nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu, na madirisha manane. Bibi huyo alikaa katikati ya sebule, fimbo mapajani, akisimamia.

"Mkunjo wa tatu haulingani na wenzake."

"Ndiyo, mwalimu." Akapanda.

"Sasa wa nne unaona wivu."

Akapanda tena. Saa kumi jioni bado mikunjo ilikuwa inasahihishwa, na muda wa mwisho ulikuwa saa kumi na moja.

"Mwalimu, nakuomba, bonyeza tu kwamba umepokea."

"Nitabonyeza nikipata miwani."

Wakaitafuta miwani wote wawili, chini ya mito, jikoni, hadi walipoikuta kichwani mwake. Bibi akaivaa, akasoma kila neno kwa sauti, akabonyeza.

Simu ya Uhakika ikatetemeka. Akaunti imefunguliwa. Chini yake: makato ya kampuni, faini ya lalamiko la kwanza, faini ya la pili, mpaka la kumi na moja. Kilichobaki kilitosha kuinunua tena ile pikipiki yake, bila magurudumu. Akakaa kwenye ngazi, akacheka kicheko kidogo kisicho na mtu wa kumlenga.

Mwalimu alikuwa ameyafungua mapazia, akayafunga, akayafungua tena. Jua la jioni liliingia likapita kwenye kitambaa, sebule yote ikawa ya rangi ya asali.

"Hii ni kazi safi," alisema. "Umesomea wapi?"

Kwa swali hilo Uhakika alikuwa na majibu matatu tayari siku zote, mawili kati yake yakiwa ya vyuo vya ng'ambo. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Kwa mshona mapazia mmoja, mwalimu. Ghorofa ya pili," alisema. "Ada yake ni kali, lakini anafundisha."