Risasi kwa Cheo

Jumatatu saa nne asubuhi, Idara ya Udhibiti wa Wanyama Waharibifu iliutangazia umma kwamba tatizo la kulungu limekwisha. Kulungu wenyewe hawakupelekewa nakala, kwa hiyo Jumanne waliendelea na maharage.

Tangazo lilimkuta Mama Ghala akipangusa vumbi kwenye maboksi ya risasi. Alikuwa mtunza silaha wa Idara kwa miaka kumi na saba, na kabla ya hapo alishika doria porini. Miongoni mwa mashamba yaliyoliwa lilikuwamo la kaka yake, ambaye sasa alibakiwa na matuta manne na hasira tele. Mama Ghala aliomba kitu kidogo tu: askari wawili na risasi zinazofaa.

Lakini Idara haikurupuki. Kamati ya Uzito na Aina ya Risasi ilikaa wiki sita. Mama Ghala aliitwa kama mtaalamu, akapewa dakika tano na kiti cha karibu na mlango. Akaeleza kwamba kulungu hafiki hata kilo mia. Anatoshwa na risasi ya gramu tisa au kumi, ya ncha laini, ambayo ikiingia mwilini hufunguka na kuishia humo humo, mnyama akafa bila kuteseka. Ile nzito na ngumu ni ya nyati. Kwa kulungu itapenya kama sindano kwenye kitambaa, kisha iendelee na safari zake.

Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, maana alipenda sana ushirikishwaji.

"Sasa mama, unataka mimi nipige risasi sawa na ya askari wa lango?"

"Kulungu hajui cheo, mzee."

"Ndiyo maana tunamwelimisha."

Waraka ukatoka. Askari, gramu tisa, ncha laini. Wakuu wa vitengo, gramu kumi na moja. Gramu kumi na nne, ngumu, ni za Mkurugenzi peke yake. Mwingine akikutwa nazo, kazi hana.

Uzinduzi wa waraka ulifanyika shambani kwa kaka yake Mama Ghala. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki na kipaza sauti, na Waziri alikuja na gari jipya, likaegeshwa kivulini nyuma ya kichaka. Mama Ghala alimnong'oneza Mkurugenzi kuhusu hicho kichaka. Akajibiwa kwamba usalama una kamati ndogo yake.

Kulungu akatolewa mafichoni, Mkurugenzi akafyatua. Risasi ilipita kwenye sikio la kulungu, ikapita kichaka, ikapita mlango wa gari, ikajichimbia ndani ya kiti cha Waziri. Mama Ghala akamwashiria askari wa lango, naye kwa gramu zake tisa akamlaza mnyama palepale.

Kisha Mkurugenzi akatangaza, kwa masikitiko makubwa, kwamba askari huyo mzembe ameharibu mali ya serikali na atafukuzwa leo hii. Askari, mwenye watoto watano, akaiweka bunduki chini na kuanza kuvua kofia ya kazi.

Mama Ghala aliazima koleo kwa dereva wa Waziri, akaichomoa risasi kitini, akaiweka kwenye kiganja cha Waziri.

"Ngumu, Mheshimiwa. Gramu kumi na nne."

Waziri akauliza nani hutumia hizo. Karani, ambaye kwenye ratiba alipangiwa kusoma waraka, akaona zamu yake imefika. Akausoma wote kwenye kipaza sauti, mpaka sahihi.

Mkurugenzi akasema ile ilikuwa rasimu.

Waziri alipanda gari la Mkurugenzi na kuagiza, kupitia dirishani, kwamba mpaka uchunguzi ukamilike Mkurugenzi abaki papo hapo kuwadhibiti kulungu yeye mwenyewe, bila silaha. Vumbi lilipotulia, kaka yake Mama Ghala akamkabidhi Mkurugenzi debe tupu na kijiti.

"Huwa wanakuja saa kumi na moja, mzee," alisema kwa heshima zote. "Ukiwaona, piga kwa nguvu."